Mama wa Iloilo, baba wa Tanga, ofisini nakabidhiwa vikombe

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Sharjah, jirani na Dubai, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo anti. Nina miaka 29, mama Mfilipino wa Iloilo, baba Mtanzania wa Tanga, walikutana Dubai miaka ya tisini na mimi nikazaliwa hukuhuku. Paspoti yangu ni ya Ufilipino. Nipo kitengo cha manunuzi kwenye hospitali moja ya binafsi, huu mwaka wa sita, na cheti cha CIPS, kile cha kitaaluma cha watu wa manunuzi, ninacho. Shida ni kwamba hakuna anayeniona kama mtu wa manunuzi. Wagonjwa wananiita nesi, masaplaya wakija kikaoni wananikabidhi vikombe vichafu, Wafilipino wa ofisini wananisema kwa Kitagalogi mbele yangu wakidhani sielewi, na Waafrika nao wananiambia wewe Mfilipino tu usitusumbue. Nafasi ya mkuu wa kitengo imetangazwa, nimeomba, bosi ananiambia kwa nini nisihamie mahusiano na wagonjwa maana 'watu wenu mna tabasamu'. Na nimesikia nikipata watanilipa chini ya yule aliyeondoka. Anti, nifiche upande mmoja kwenye CV? Ninyooshe nywele? Na wakiniuliza mimi ni nani hasa niwajibu nini?"

Marahaba mwanangu. Nimekaa HR huko Ghuba miaka 11 kabla sijarudi Dar kuanza hii kazi ya ushauri, kwa hiyo hivyo vikombe navijua, na wanaovikabidhi nawajua pia, wengi wala sio watu wabaya, wameshazoea tu kwamba mwenye sura fulani ndio mbeba trei, basi mkono unatangulia akili inakuja nyuma.

Nitayajibu maswali yako kwa mpangilio wangu, naanza na la mwisho, maana hayo mengine yote yamening'inia pale. Hilo swali la "mimi ni nani" umelibeba kama swali la moyo, na nyumbani kwenu ni la moyo kweli, silipuuzi. Ila anayekuuliza ofisini mara nyingi hana habari na moyo wako. Anataka kujua akutie fungu gani, la kubeba, la kutabasamu, la kukaa getini au la kusaini, na kila fungu lina bei yake. Ndio maana ukimpa historia ya ndoa ya wazazi wako anaisikiliza, anasema waao, halafu anakukabidhi kikombe vilevile.

Na usidhani ni mambo ya Dubai haya. Huko kwa mama yako yana karne kadhaa. Mhispania alipokuwa anatawala Ufilipino aliwagawa watu kwa majina, mwenyeji akaitwa indio, Mchina akaitwa sangley, mtoto wa Mchina na mwenyeji akaitwa mestizo de sangley, na majina yale kazi yake kubwa ilikuwa kodi. Indio analipa kiwango chake, mestizo wa Kichina analipa mara mbili, Mchina mwenyewe anapigwa zaidi. Kwa hiyo karani aliyekuandika chotara kwenye daftari hakuwa anakusifia wala kukutukana, alikuwa anapiga hesabu. Mfumo huo wa kodi umekuja kufutwa 1884. Na kichekesho ni kwamba hata hilo jina "Mfilipino" mwanzoni lilikuwa la Wahispania waliozaliwa visiwani, mwenyeji mwenyewe hakuwa nalo! José Rizal, ambaye ndio shujaa wao wa taifa na sanamu yake utaikuta kila mji, ukoo wake upande wa baba ulitoka China. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukuambia wewe sio Mfilipino kamili, muulize kamili ni nani.

Sasa leo hii neno mestiza limegeuka sifa. Tisay, ndivyo wanavyofupisha, maana yake msichana mweupe mweupe mwenye pua ya kuchongoka, wa kwenye matangazo ya sabuni na tamthilia. Mrembo anayeitwa Pia Wurtzbach, aliyechukua Miss Universe 2015, baba yake Mjerumani, Catriona Gray wa 2018 baba yake Muaustralia, na nchi nzima iliwabeba mabegani. Wewe ni mchanganyiko kama wao, nusu kwa nusu, lakini nabeti hakuna aliyewahi kukuita tisay. Wewe unaitwa negra, mweusi. Kulot, yaani mwenye nywele za kujisokota, na shuleni watoto wana kiitikio chao cha "kulot salot", nywele za kipilipili balaa.

Ukitaka kujua kwa nini inauma vile, nenda Angeles na Olongapo. Hiyo ndio miji iliyokaa pembeni ya kambi za Wamarekani, Clark ya ndege na Subic ya meli. Seneti ya Ufilipino iliukataa mkataba wa kambi 1991, na mwisho wa 1992 Wamarekani wakaondoka Subic, wakaacha maelfu ya watoto. Marekani ilikuwa na sheria tangu 1982 ya kuwapa njia watoto wa Wamarekani waliozaliwa Asia, ikataja Korea, Vietnam, Laos, Kambodia na Thailand, Ufilipino hamna. Waliokuwa na baba mweusi ndio waliochekwa zaidi mtaani, kwa sababu nywele za mtoto zilikuwa zinamtangaza mama yake kabla mtoto hajafungua mdomo, kila mtu anajiona ameshajua huyu mama alikuwa anafanya kazi wapi. Apl.de.ap, mwanamuziki wa kundi la Black Eyed Peas, ni mtoto wa Angeles hiyohiyo, baba yake Mmarekani mweusi.

Kwa hiyo yule dada wa ofisini anayekusema kwa Kitagalogi akiangalia nywele zako haoni Tanga, Tanga wala haijui. Anaona Olongapo. Anamhukumu mama yako kwa kitu ambacho hakipo kabisa kwenye maisha yake. Sikwambii umsamehe, hilo la kwako, nakwambia tu ujue mshale umelengwa wapi. Na mambo yanasogea, 2024 Chelsea Manalo wa Bulacan, baba yake Mmarekani mweusi, alishinda Miss Universe Philippines, mweusi wa kwanza kulivaa taji lile, akiwa na nywele zake zilivyo.

Tuje kwenye tabasamu, hapa ndipo bosi wako aliponikera.

"Watu wenu mna tabasamu" inasikika kama sifa ukiisikia haraka haraka. Lakini hebu tuitazame hiyo tabasamu imetoka wapi. Iloilo, kwa mama yako hapohapo, ndipo shule ya kwanza ya unesi ya Ufilipino ilipoanzishwa 1906, na wamisionari wa Kimarekani. Kuanzia 1948 Marekani ikawa na mpango wa kupokea manesi wa kubadilishana uzoefu, milango ikafunguka hivyo. Jeshi lao la majini nalo lilikuwa linaajiri Wafilipino kwa makubaliano ya 1947, ila kwa miaka mingi, mpaka mwanzoni mwa sabini, kazi waliyowekewa ilikuwa ya ustewadi, kupika, kutandika vitanda na kupiga pasi nguo za maofisa, hata uwe umesoma vipi. Halafu 1974 serikali ya Rais Marcos huko Ufilipino ikaweka kwenye sheria ya kazi utaratibu mzima wa kupeleka watu nje. Yaani nchi imefundisha watu wake, ikawatangaza, ikawauza kama watu wa kuhudumia, leo bosi wako anaamini ni damu! Na huo upole una gharama, maana mtu anayesifiwa kwa kutolalamika ndiye anayepewa wodi ngumu. Covid ilipoingia Marekani, chama cha manesi cha kule kilihesabu vifo vya manesi mpaka Septemba 2020, Wafilipino walikuwa karibu theluthi ya waliokufa wakati ni kama asilimia 4 tu ya manesi wote.

Upande wa baba yako huko Ghuba fungu lake unalijua, geti, ulinzi, udereva, "strong, strong". Hapo hata sina la kuongeza. Wewe wakikuona kwa sura ya mama wanakupa trei, wakikuona kwa nywele za baba wanakuuliza zamu yako ya getini inaisha saa ngapi.

Ila kabla hatujawasema sana waajiri wa Dubai, na sisi tujitazame. Umewahi kufikiria neno yaya? Kitagalogi yaya, Kiswahili yaya, neno moja maana moja, nadhani wewe ndio mtu pekee hapo hospitalini unayelijua kwa lugha zote mbili za nyumbani. Na Inday je? Kwa kina mama yako Iloilo, Inday ni jina la mapenzi, binti wa nyumbani anaitwa Inday na bibi yake kwa sauti laini kabisa. Likifika Manila likageuka jina la hausigeli, kwa sababu mahausigeli wengi walitoka Visaya, visiwa vya huko kwa mama yako. Sasa rudi kwetu Dar, dada ni nani? Dada ni mkubwa wako wa kuzaliwa, unamheshimu, halafu mtu anakwambia "natafuta dada" na wote tunajua anatafuta wa kuosha vyombo. Tumelichukua neno la heshima tukalivisha aproni, sisi wenyewe, bila Mhispania. Nakuambia hivi kwa sababu siku utakayokuwa mkuu wa kitengo na wewe utakuwa na watu wa kuwapa trei.

Haya, kazi sasa.

Kuhusu mshahara. Mimi nimekaa kwenye kikao, kampuni siitaji, ambapo jedwali la mishahara lilikuwa na safu ya uraia kabla ya safu ya uzoefu. Kazi moja, dawati moja, paspoti ya Ulaya bei yake, ya Uarabuni bei yake, ya India, Ufilipino na Afrika bei zake chini huko. Nilipouliza niliambiwa "tunalipa kulingana na soko la kwao", na nakiri nilinyamaza, nilikuwa na ada za shule za watoto wawili. Siku hizi sheria ya kazi ya Emirates, namba 33 ya 2021, kifungu cha 4, inakataza ubaguzi kazini kwa rangi, jinsia, dini, asili ya taifa na kadhalika, na inasema mwanamke alipwe sawa na mwanaume kwa kazi ileile. Malalamiko yanapelekwa wizara ya kazi, ile mnayoiita MOHRE. Kama mwajiri wako yupo DIFC, lile eneo huru la fedha la Dubai, hapo sheria ni nyingine, angalia mkataba wako kwanza. Sitakudanganya kwamba kushinda ni rahisi, kuthibitisha kwamba wamekupunja kwa ajili ya rangi ni kazi ngumu sana, hakuna anayeandika hivyo kwenye karatasi.

Kwa hiyo usianzie kwenye rangi. Anzia kwenye ngazi. Waandikie HR imeili fupi kabla ya usaili, uombe kujua nafasi hiyo ipo ngazi gani na mshahara wa ngazi hiyo unaanzia wapi unaishia wapi. Basi. Usitaje aliyeondoka, usitaje uliyoyasikia. Wakikujibu una namba, wasipokujibu una imeili isiyojibiwa, vyote viwili vina kazi baadaye. Wakikupa ofa ya chini ya ngazi, unauliza kwa maandishi ni kigezo gani kimefanya uwe chini, uzoefu, cheti au nini, na unanyamaza. Watu wanashindwa na hiyo sehemu ya kunyamaza, wanajaza ukimya kwa kujieleza. Na tafadhali usimrekodi mtu kwa siri, najua vijana mnapenda ushahidi wa simu, huko kumrekodi mtu bila ridhaa yake ni jinai, utajikuta wewe ndio mshtakiwa.

Hilo la kuhamia mahusiano na wagonjwa likataeni wewe na moyo wako wote. Mjibu bosi kwa upole lakini kwa vitu vya kitengo, kwamba miaka sita umeshughulikia mikataba ya kitu fulani, umeokoa kiasi fulani, saplaya fulani alichelewesha mzigo ukapata mbadala kwa siku ngapi. Weka tarakimu. Mtu anayekuona nesi hawezi kuendelea kukuona nesi huku unamsomea tarakimu za mikataba, ataendelea kujaribu lakini itamchosha.

CV. Hapa sitaki nikudanganye, kuficha kunasaidia. Kuna utafiti wa Marekani wa 2016 walituma CV za aina mbili, zilizofutwa dalili za asili ya mtu na zilizoachwa zilivyo. Za Waasia zilizofutwa asilimia 21 waliitwa, zilizoachwa 11.5. Za weusi 25 kwa 10. Kwa hiyo wanaoficha sio wajinga na siwezi kumcheka mtu mwenye njaa. Ila wewe unaomba ndani, sura yako wanaijua miaka sita, utamficha nani? Na CV za Ghuba zina picha na uraia juu kabisa. Unachofanya ni kupandisha lugha. Kiingereza, Kitagalogi, Kiilonggo cha huko Iloilo, Kiswahili, na Kiarabu kama kipo, ziandike ukurasa wa kwanza na kiwango cha kila moja, kama kifaa cha kazi, chini yake weka mahali ambapo lugha ilikusaidia kumaliza dili. Habari za "mimi ni mchanganyiko wa tamaduni mbili" zitoe, hazina kazi pale, zinamrudisha msomaji kwenye kukukisia.

Nywele. Ulisema kwenye barua ndefu kwamba mama alikuwa anakupeleka kurebondi tangu una miaka tisa, na kwamba ukiwa Iloilo likizo ndio ilikuwa kila wiki. Mwanangu, nyoosha ukipenda, suka ukipenda, ila usinyooshe wiki ya usaili kwa ajili yao, maana ukipata utajiona umepata kwa sababu ya nywele, na ukikosa utakuwa umekosa na dawa imekuunguza kichwa.

Wakikuuliza wewe ni nani hasa, jibu liwe fupi na lina mkia wa kazi. "Mama Iloilo, baba Tanga. Hiyo oda ya Jumanne imefika?" Usiombe radhi, usicheke kicheko cha aibu, usipige hesabu za asilimia kama duka la maziwa. Maria Root, mwanasaikolojia aliyezaliwa Manila, 1993 aliandika orodha ya haki za watu wa damu mchanganyiko na mojawapo ni kwamba una haki ya kujitambulisha tofauti mahali tofauti. Ukiwa na shangazi zako Chumbageni wewe ni wa Tanga, ukiwa na bibi yako wewe ni Inday wake, na hakuna uongo wowote hapo. Wale Waafrika wanaokuambia wewe Mfilipino tu, hao wasalimie kwa Kiswahili cha Tanga ukivuta maneno, watacheka, wawili watatu watakuwa marafiki, wengine waache, sio lazima kila meza ikutengee kiti.

Na wale wa Kitagalogi. Usiwalipue. Najua umeshafanya mazoezi ya hiyo hotuba kwenye kioo, kila mtu anayeelewa lugha ya wambea ana hotuba yake. Asubuhi moja wakiwa wamekaa, pita, sema "magandang umaga po" kwa sauti ya kawaida, weka ile po kabisa, hiyo ni sawa na shikamoo yetu, kisha nenda zako kwenye dawati. Watakumbuka kila walichowahi kusema, mwaka mzima wataurudisha nyuma kichwani, adhabu hiyo inatosha. Yule mwenye lafudhi ya Kiilonggo muongezee "maayong aga". Nakuhakikishia atakuja mwenyewe jioni na kitu cha kula.

Vikombe sasa. Kikao kijacho fika kabla yao, kaa kiti ambacho mkuu wa kitengo angekaa, ajenda uwe umeiprinti wewe, kila mtu akute karatasi yake mezani ina jina lako juu. Akitokea wa kukupa kikombe kipokee, kiweke mezani hapohapo mbele yake, halafu mwambie karibu, tunaanza na bei ya glavu, mwezi uliopita mlitupandishia.

Usaili ukiisha niandikie, hata kama wamekunyima, na kama wamekunyima unitumie barua yao niione walivyoiandika.